Nauza tipsi za kubeti, mteja anatishia kunishtaki. Kwani ni kosa kisheria?

Kaka mshauri habari za kazi, mi ni msomaji wako wa mda mrefu ila kuandika ndo mara ya kwanza, nisamehe kama barua itakuwa ndefu maana mambo yameingiliana.

Nina chaneli ya Telegram ya tipsi za mpira. Nilianza bure kabisa, naangalia fomu za timu, majeruhi, nani kachoka katikati ya wiki, afu naandika naona mechi hii itaenda hivi. Watu wakawa wanashinda wanashea, chaneli ikakua, wakaanza wenyewe kuniuliza bosi VIP iko wapi. Nikafungua VIP ya kulipia kwa mwezi na kiukweli ndo inaniweka mjini.

Sasa kuna jamaa wa VIP mkeka wa mechi kumi, yani tiketi moja inayolipa mpaka zote ziingie, ulichanika kwa timu moja tu, bao la dakika za majeruhi, na kumbe alikuwa ameweka hela ya kodi ya nyumba. Kaja inbox na matusi, anataka nimrudishie hela ya VIP pamoja na dau lake lote. Nikamwambia bosi kubeti ni bahati, kila mtu anajua. Akanijibu kwamba mimi naendesha kamari bila leseni na anaenda polisi, afu akanitumia skrinshoti ya tangazo langu mwenyewe: MKEKA WA LEO 100% SHUA, HAUCHANIKI, UKICHANIKA HELA YAKO INARUDI. Ni kweli niliandika mimi ila kaka, kila chaneli inaandika hivyo, hiyo ni lugha ya biashara tu, na mikeka iliyochanika tunaifuta kama wenzetu wote wanavyofuta.

Kingine, kampuni moja ya kubeti imenipa linki, mtu akijisajili kupitia linki yangu napata asilimia ya hela anayopoteza kila mwezi. Wateja hawajui hilo, sijaona sababu ya kuwaambia. Wengine wako bize wananitumia hela niwabetie kwenye akaunti yangu, tukishinda nakata changu nawatumia kinachobaki. Na nina binamu yangu anafanya kazi kwenye timu ya ligi, yuko kwenye kitengo cha kuwachua wachezaji, huwa ananidokeza nani ameumia kabla kikosi hakijatoka, zile tipsi ndo zinapiga sana.

Mwisho kuna mwenzangu tunaendesha naye chaneli, yeye anataka tuanze kuuza mechi za fiksi, yani zilizopangwa matokeo. Anasema hatuna hata mechi ya fiksi, ni jina tu, tutauza tipsi zile zile kwa bei kubwa, na hakuna mteja atakayetushtaki kwa sababu akienda polisi atakuwa amejitaja mwenyewe kwamba alikuwa ananunua mechi.

Naomba unijibu wazi, kuuza tipsi ni kosa au si kosa? Maana nikifunga hii chaneli sina kazi nyingine.

Jina kapuni.

JIBU

Mdogo wangu, nikujibu swali lako kwanza afu ndo tuingie kwenye barua yenyewe. Kuuza tipsi, yani kuuza maoni yako kwamba timu fulani itashinda, kwenye nchi nyingi ambako kubeti kunaruhusiwa si kosa na mara nyingi hakuhitaji hata leseni ya kamari. Uingereza kwa mfano, sheria yao ya kamari ya 2005 inambana anayetoa huduma yenyewe ya kubeti, anayepokea madau na kulipa washindi, na hata anayekaa katikati kama dalali kati ya wanaobeti, hao wote lazima wawe na leseni. Mtu anayekaa kwake akaandika naona mechi hii itaisha droo afu akauza andiko lake hayumo humo, na magazeti yamekuwa yakichapisha utabiri wa farasi na mpira miaka na miaka bila mtu kuyauliza leseni ya kamari. Kwa hiyo huyo jamaa anayekuambia unaendesha kamari kwa sababu tu umemuuzia tipsi, hapo kakosea.

Ila moyo wako usifurahi mapema. Nchi ambako kubeti kwenyewe ni marufuku hali ni nyingine kabisa, kule kusaidia watu kubeti au kutangaza kubeti kunaweza kuwa kosa linalojitegemea. India mwaka 2025 walipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo ya mtandaoni ya kuweka hela na matangazo yake pia yakaingia humo humo. Marekani nako baada ya mahakama ya juu kuifuta mwaka 2018 ile sheria ya nchi nzima iliyozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo, kila jimbo linajiamulia, kwa hiyo kinachoruhusiwa jimbo hili kinaweza kuwa kosa jimbo la jirani. Hujaniambia uko nchi gani, na chaneli ya Telegram haina mpaka, wateja wako wanaweza kuwa kokote, hilo liweke akilini.

Lakini nimeisoma barua yako yote na ukweli ni kwamba tipsi ndo kitu kisafi kuliko vyote ulivyonitajia. Kinachokuweka pabaya ni yale unayoyasema ukiwa unauza, na zile hela za watu ulizozishika.

Tuanze na lile tangazo. Unasema ni lugha ya biashara. Haya, kaa upande wa mteja kidogo. Mtu kalipa kwa sababu umemwambia mia kwa mia, hauchaniki, hela inarudi. Hakuna mechi ya mia kwa mia na wewe unajua, maana ungekuwa nayo usingekuwa unauza uanachama wa mwezi. Kumwambia mtu jambo unalojua si kweli ili atoe hela, hicho karibu kila nchi ina jina lake na wala halihusiani na sheria ya kamari, ni udanganyifu wa kujipatia hela. Uingereza Fraud Act ya 2006 inasema hivyo hivyo, ukitoa maelezo ya uongo kwa nia ya kujinufaisha kosa limeshakamilika, na haisemi lakini kama chaneli zote zinaandika hivyo basi sawa. Juu ya hapo kuna sheria za kumlinda mlaji, zinataka ukitangaza mafanikio uwe na ushahidi wake.

Na hapo kwenye mafanikio ngoja nikae kidogo, maana najua lazima mahali fulani kwenye chaneli umeandika tunashinda asilimia 90, nyie wote mnaandika. Tuchukulie ni kweli kabisa. Umetoa singo 100, yani tiketi za mechi moja moja, za odi ya 1.05, yani ukipatia dau linarudi mara 1.05, zile mnazoita benka, 90 zikaingia. Mteja aliyekuwa anaweka dau la 1 kila mechi katoa 100, zilizoingia zimemrudishia 90 mara 1.05, ambayo ni 94.5. Kapoteza! Kwa odi ya 1.05 unahitaji kupatia zaidi ya mechi 95 kwenye kila 100 ndo mteja aanze kuona faida, kwa odi ya 1.90 inatosha kupatia 53. Yani tangazo lako linaweza kuwa la kweli kwa tarakimu na bado likawa la kupotosha, na sheria za mlaji sehemu nyingi haziangalii uongo wa wazi tu, zinaangalia pia ulichokificha ambacho mteja angekijua asingenunua. Ukifuta mikeka iliyochanika ukaacha iliyoshinda umefanya hicho hicho, unaonyesha rekodi ambayo haipo.

Ule mkeka wa mechi kumi nao. Hata kama kila timu uliyochagua ilikuwa na nafasi ya asilimia 80 ya kushinda, na hiyo ni timu kali kweli kweli, zote kumi kuingia kwa pamoja ni kama mara 11 tu kwenye 100. Kwa hiyo ulipoandika hauchaniki ulikuwa unazungumzia kitu ambacho kwa hesabu kinachanika karibu mara tisa kwenye kila kumi. Hakimu akipewa kalkuleta anaipata hiyo hesabu ndani ya dakika moja.

Haya, jamaa anadai nini? Hela ya VIP mrudishie. Sijui tubishane nini hapo, umeandika mwenyewe hela yako inarudi na skrinshoti anayo. Dau lake ni kitu kingine, hilo aliliweka yeye kwenye kampuni, kwa uamuzi wake, na kawaida muuza tipsi hawajibiki kwa dau la mtu aliyejiamulia. Ila neno lako linasema hela yako inarudi, halisemi hela ya uanachama, hela ipi? Yeye atasema alielewa dau. Ndo ubaya wa kuandika matangazo kwa herufi kubwa na akili ndogo, samahani lakini lazima niseme. Na kuna kitu wauza tipsi wengi hawakifikirii: ukimwahidi mtu kwamba mechi ikienda vibaya unamlipa na ikienda vizuri unabaki na hela yake, mwanasheria mjanja anaweza kusema hapo hukuuza tipsi, mmebeti nyie wawili, na leseni ya kupokea madau huna. Sisemi atashinda kesi, nasema kwa nini umpe hiyo nafasi. Uza maoni kwa bei moja iwe mvua iwe jua, achana na mambo ya ukichanika inarudi.

Sasa hizi hela unazotumiwa uwabetie watu. Hii acha leo, sio kesho. Hapa umetoka kwenye kuuza maoni umeingia kwenye kushika hela za watu kwa ajili ya kubeti na kukata fungu lako, na huko ndiko leseni zinakoanza kudaiwa. Marekani wana sheria ya 1961 inaitwa Wire Act, inamlenga mtu aliye kwenye biashara ya kubeti anayetumia njia za mawasiliano kupitisha madau au hata taarifa za kusaidia kubeti. Ona hapo, mtoa maoni wa kawaida anaweza kusema mimi siko kwenye biashara ya kubeti, lakini wewe mwenye hela za watu kwenye akaunti yako utasema nini? Halafu kampuni za kubeti zenyewe kwenye masharti yao kwa kawaida zinakataza kumbetia mtu mwingine kwenye akaunti yako, wakikustukia wanafunga akaunti na hela ikiwa ndani. Utawaambia nini wateja hiyo siku? Watasema umekula, na hutakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha hela ya nani ilikuwa ngapi. Warudishie wote kilichobaki, kila mtu mwandikie kiasi na tarehe.

Linki ya kampuni yenyewe kama yenyewe si kosa pale matangazo ya kamari yanaporuhusiwa. Italia kwa mfano hairuhusiwi, tangu sheria yao ya 2018 inayoitwa Decreto Dignità matangazo ya kamari yamekatazwa, kwa hiyo angalia nchi yako na nchi za wateja wako. Ila mkataba uliosaini wewe ni wa aina ile inayoninyima amani. Unalipwa asilimia ya anachopoteza mteja. Mteja anakulipa VIP ili ashinde, kampuni inakulipa akishindwa, yani umekaa pande zote mbili za meza na upande mmoja haujui. Halafu ndo wewe huyo huyo unawapa mikeka ya mechi kumi kumi, ambayo ndo inayochanika kuliko yote! Inawezekana hujawahi kukusudia, nakuamini, ila mtu wa nje akiona ule mkataba na ile mikeka pamoja ataunganisha mwenyewe. Unasema hujaona sababu ya kuwaambia, mi naiona: wakijua wangeweza kukukimbia, na hiyo ndo tafsiri ya taarifa ambayo mteja alistahili kuijua. Andika juu kabisa kwenye chaneli kwamba nalipwa na kampuni kupitia hii linki na nalipwa kutokana na hasara zenu. Ukiona aibu kuiandika hiyo sentensi basi omba kampuni ikubadilishie ikulipe kiasi kimoja kwa kila anayejisajili, nyingi wana huo mpango pia.

Binamu yako. Hapa naomba usome taratibu kwa sababu anayeumia kwanza ni yeye. Taarifa ya majeruhi ambayo haijatangazwa, anayoijua kwa sababu ya kazi yake, kwenye mpira inaitwa taarifa ya ndani, na kuna mkataba wa kimataifa wa Baraza la Ulaya, ule wa Macolin wa 2014 unaopambana na upangaji wa matokeo, ambao unaitaja na kuielezea kabisa. Uingereza chama chao cha mpira kinamkataza mhusika yeyote wa timu kutoa taarifa kama hiyo kwa mtu atakayeitumia kubeti. Kieran Trippier unamjua, yule beki, Desemba 2020 alifungiwa wiki 10 na faini ya pauni 70,000 kwa sababu ya taarifa za uhamisho wake kwenda Atlético Madrid zilizowafikia washkaji zake wakabeti nazo. Hakuuza taarifa, walikuwa washkaji tu. Sasa binamu yako sio nyota wa timu, yeye hafungiwi wiki 10, yeye anafukuzwa kazi na hapati nyingine kwenye mpira. Na wewe unayeiuza unaweza usiwe chini ya sheria za chama cha mpira ila kuna nchi zimeweka haya mambo kwenye sheria za jinai, hivyo usijifiche huko. Mwambie akupigie kukusalimia tu.

Tumefika kwa mwenzako na mechi zake za fiksi. Nimecheka kidogo kiukweli, maana mpango wake una milango miwili na yote inaishia sehemu moja. Kama mechi sio ya fiksi na umeiuza kama fiksi, umetapeli, hela umeipata kwa uongo. Kama ni ya fiksi kweli, basi wewe ni sehemu ya upangaji matokeo, na hiyo watu wamekaa jela kwa ajili yake: yule refa wa Ujerumani, Robert Hoyzer, mwaka 2005 alihukumiwa miaka miwili na miezi mitano. Hakuna mlango wa tatu. Utetezi wake kwamba mteja ataogopa kujitaja, huo ndo msemo wa kila tapeli anayeuza kitu haramu cha uongo, na unafanya kazi mpaka siku atakapopigwa mtu mmoja asiye na cha kupoteza, kama huyo wako wa kodi ya nyumba.

Na najua atakavyoifanya maana ni mchezo wa zamani. Unatafuta watu 243, mechi moja, 81 unawaambia nyumbani anashinda, 81 droo, 81 mgeni. Mechi ikiisha wale 162 unawablok, waliobaki 81 unawagawa tena 27, 27, 27. Mechi ya tatu wanabaki 9 ambao wameona umepatia yote hujakosea hata moja, mechi ya tano anabaki mtu mmoja, na huyo mmoja hata umwambie auze gari atauza. Hakuna fiksi hapo, kuna kugawanya kwa tatu. Mwenzako akishaanza hiyo wewe huna pa kusema sikujua, kwa sababu umeniandikia unajua, na kama chaneli imesajiliwa kwa namba yako na hela zinaingia kwako, wa kwanza kutafutwa ni wewe. Mwambie kwa maandishi kwamba hukubali, aki­lazimisha mgawane mapema kila mtu na chaneli yake.

Ukishasafisha hayo biashara inabaki, wala huna haja ya kuifunga. Tipsi unaziposti kabla ya mechi na hazifutwi wala hazieditiwi, zilizochanika zinabaki na odi zake ili anayeingia ajionee. Unaandika ni maoni na hela inaweza kupotea yote. Wasiofikisha umri wa kubeti usiwaingize VIP, na najua Telegram haikuonyeshi umri lakini mtu akikuambia yuko kidato cha pili umeshajua. Kipato cha VIP ni kipato, kodi yake ipo. Na hela ya mashauriano ya mara moja na wakili wa nchi yako unayo, VIP inakuweka mjini umesema, mpelekee tangazo lako, mkataba wa linki na hii barua uliyoniandikia, mimi sio wakili wako na sheria ya unapoishi yeye ndo anaijua.

Huyo jamaa mjibu leo bila kumtukana: hela yako ya VIP nakurudishia, dau uliliweka mwenyewe kwenye kampuni, hilo sidaiwi, na lile tangazo nimeliondoa. Ukishatuma hela hifadhi risiti, na meseji zake zote zibakize hata za matusi, wakili atataka kuziona.